Unaporekebisha Chombo cha Kazi, Usiondoe Kinga ya Mashini

Katika nchi za baridi kama Marekani na Kanada nyumba nyingi zimetandikwa zulia kutoka ukuta mpaka ukuta. Zulia hilo limeshikizwa sakafuni. Haliwezi kukunjwa na kupelekwa mtoni, wala kuanikwa juani. Kwa hiyo iko kazi ya watu wanaokwenda nyumba kwa nyumba wakisafisha mazulia kwa mashini. Ndugu zetu wengi waliotoka mashariki ya Kongo wanakaa sasa huko, na wako wanaopata chakula chao katika kazi za usafi. Labda unaye mtoto au shemeji katika kazi hiyo. Labda ni wewe mwenyewe, na kitabu hiki kimekufuata huko. Nataka kusema nawe juu ya chombo kimoja cha kazi hiyo, na juu ya hatari isiyo katika zulia, bali mezani pa fundi. Na kama hujapata kuona zulia la namna hii, lakini una karakana ya milango ya chuma pale Bukavu au Butembo, usifunge kitabu. Mashini za kukatia chuma ni zile zile.

Kwanza tukijue chombo chenyewe. Ni fimbo ndefu ya bomba, mara nyingi ya chuma kisichoshika kutu. Chini ina kichwa kipana cha sentimeta 30 hivi, chenye mdomo mwembamba. Maji ya moto yenye dawa yanakuja kwa mpira mwembamba, yanasukumwa kwa nguvu, na mtu akibonyeza kishikio yanatoka katika nozeli ndogo karibu na mdomo. Mara hiyo mashini inafyonza maji machafu na kuyarudisha kwa mpira mnene. Mfanyakazi anasukuma na kuvuta, anasukuma na kuvuta, kutwa nzima. Jioni mgongo unalia, na bega linalia.

Hapo ndipo mtu anapoanza kuitazama fimbo yake kwa jicho la fundi. Huyu ni mrefu, na fimbo imepindwa kwa kipimo cha mtu mfupi. Mwingine anaona mdomo unagandamana na zulia, hauvutiki. Mwingine anataka kishikio cha pili, au nozeli zaidi, au bomba nene zaidi. Anasema moyoni, nitaitengeneza mwenyewe.

Mimi simlaumu. Chombo kinachomtesa mtu lazima kitengenezwe, na anayejua mateso yake ni yule anayekishika. Mambo haya si mapya hata kidogo. Huko Grand Rapids, katika jimbo la Michigan, palikuwa na mwenye duka la vyombo vya udongo aliyeitwa Melville Bissell. Takataka zilikuwa zikiingia katika zulia lake, na ufagio wa magurudumu aliokuwa nao haukumtosheleza. Akatengeneza wake ulio bora, akapata hati ya uvumbuzi mwaka 1876. Alipofariki mwaka 1889 mke wake, mama Anna, ndiye aliyeongoza kazi yao. Basi, mtu wa dukani aliyechoshwa na chombo chake aliwasaidia watu wengi kwa kukirekebisha.

Lakini kabla ya kutoboa, fikiri. Tundu likishatobolewa halirudi. Watu wengi hudhani kwamba kikiongezwa kila kitu, kazi itakwenda upesi. Sivyo. Upepo wa mashini una kipimo chake. Bomba la milimita 50 lina nafasi ndani karibu mara moja na robo tatu ya bomba la milimita 38. Upepo ule ule ukipita humo huenda polepole zaidi, na kama mashini yako ni ndogo, maji yanabaki katika zulia, na baada ya siku mbili nyumba inanuka uvundo. Na nozeli nazo zina hesabu yao. Ile yenye namba 11002 hutawanya maji kwa pembe ya nyuzi 110, na hutoa sehemu mbili za kumi za galoni ya Marekani kwa dakika, yaani robo tatu ya lita, wakati msukumo ni paundi 40. Ukizidisha msukumo mara nne, maji yanazidi mara mbili tu. Anayepanua tundu la nozeli kwa ncha ya kutobolea anaharibu umbo lake, na maji hayatawanyiki sawasawa tena. Nozeli ni kitu kidogo. Nunua nyingine yenye namba unayoitaka.

Kilicho chepesi na chenye faida kubwa ni kile kiatu cha plastiki nyeupe, laini sana, kinachovikwa mdomoni mwa fimbo ili iteleze juu ya zulia. Kwa mtu mwenye mgongo mbovu naona kiatu hicho kinashinda marekebisho mengine yote. Viko vyenye matundu ya duara na vyenye nyufa ndefu. Ukitaka kukipunguza kidogo ili kikae vema, tumia tupa ya mkono. Tupa haina haraka, wala haimkimbilii mtu.

Sasa nafika kwenye neno lenyewe. Huyu msafishaji wa mazulia ni fundi wa mazulia, si fundi wa chuma. Ujuzi wa kazi moja hauvuki wenyewe kwenda kazi nyingine. Yeye anarekebisha fimbo usiku, baada ya kazi, amechoka, katika chumba cha gari chenye taa moja, kwa mashini aliyoazima kwa jirani. Na mara nyingi, kabla ya kuirekebisha fimbo, anairekebisha mashini kwanza. Anaondoa kile kifuniko cha chuma kinacholizunguka gurudumu, kwa sababu kinamzuia kufikia pembe ya kichwa. Nasema wazi: fimbo ni yako, itengeneze upendavyo. Lakini mashini inayokata chuma usiirekebishe hata kidogo, hata kwa dakika moja. Kama kazi haiwezekani pamoja na kinga, basi mashini hiyo si ya kazi hiyo. Tafuta msumeno wa chuma wa mkono, au peleka kwa fundi.

Utasema, mbona unatia hofu kubwa kwa kitu kidogo? Hebu tufanye hesabu pamoja. Ile mashini ndogo ya mkononi ya kukata na kusaga chuma, ambayo wengi huiita grainda, huchukua gurudumu la milimita 115. Juu ya gurudumu hilo imeandikwa mwisho wa mbio zake, mara nyingi mizunguko 13,300 kwa dakika. Ukipiga hesabu utaona kwamba ukingo wake hapo unakwenda mita 80 kwa sekunde. Hiyo ni kilometa 288 kwa saa, kupita gari lolote uliloliona barabarani kwetu. Gurudumu likivunjika, kipande kinaondoka kwa mbio hizo, na kinga ndiyo peke yake inayosimama kati ya kipande hicho na shingo yako.

Tena liko jambo baya zaidi ambalo nimeliona kwa macho katika karakana, na pengine wewe pia umeliona. Mtu anaondoa kinga ili aweke gurudumu kubwa la milimita 230 katika grainda ndogo, apate kukata kwa kina. Gurudumu kubwa limeandikwa mwisho wake 6,600, lakini grainda ndogo nyingi huzunguka mara 11,000. Ukingo sasa unakwenda mita 132 kwa sekunde, na nguvu inayolivuta gurudumu lipasuke inazidi mara mbili na nusu kupita ile iliyokadiriwa. Mtu huyo ameshika bomu lenye waya wa umeme. Namwomba mke wake, au mtoto wake mkubwa, alichomoe waya huo ukutani bila kuomba ruhusa.

Soma pia tarehe. Magurudumu haya yamegandishwa kwa gundi, na gundi inazeeka. Tarehe ya mwisho imepigwa katika pete ya chuma iliyo katikati. Gurudumu lililoanguka sakafuni, au lililolowa maji, litupe. Usisage kwa ubavu wa gurudumu la kukatia, kwa sababu ni jembamba na halikufanywa kwa hilo. Shika kwa mikono miwili, simama kando ya mstari wa gurudumu, na ungoje lisimame kabisa kabla ya kuiweka mashini chini.

Habari ya glavu inawachanganya wengi. Kwa grainda ya mkononi, glavu za ngozi zinazobana mkono zinafaa. Lakini kwa mashini ya kutoboa, ile ya mezani inayosimama kama kinanda kirefu (wengine huiita keekee ya umeme), glavu ni adui. Ncha inayozunguka inashika uzi mmoja wa kitambaa, inauzungusha, na kidole kinafuata kabla mtu hajasema lo! Vivyo hivyo mikono ya shati iliyolegea, tai, mkufu, nywele ndefu, na pete. Vua pete, ndugu, hata ile ya ndoa. Mama hatakasirika. Pete ikinaswa inaweza kuchuna ngozi yote ya kidole kama mtu anavyovua soksi, na kidole cha namna hiyo ni vigumu sana kukiokoa.

Bomba la fimbo ni la duara, nalo linapenda kubingirika. Usilishike kwa mkono huku ukitoboa kwa mkono mwingine. Lilaze katika kipande cha mti kilichochongwa mfereji, ukibane kwa jiliwa. Piga alama kwanza kwa msumari mgumu na nyundo, ili ncha isiteleze. Chuma kisichoshika kutu kina tabia yake: ukikitoboa upesi bila mafuta kinapata moto na kuwa kigumu zaidi, na ncha inaungua. Kwa tundu la milimita 6, mizunguko 800 kwa dakika yatosha. Tia mafuta, kandamiza imara, na karibu na mwisho punguza nguvu. Ni pale ncha inapotokea upande wa pili ndipo inapong'ang'ania, na kitu kisichobanwa kinaruka na kuzunguka kama panga. Vile vinyweleo vya chuma vinavyotoka viondoe kwa brashi baada ya mashini kusimama, usitumie kidole.

Yako mambo mengine mawili ya fimbo hii ambayo fundi wa milango hayajui. La kwanza ni maji. Yale maji ni ya moto wa kuunguza, na yanabaki na msukumo ndani ya mpira hata baada ya kuzima. Kabla ya kufungua nozeli yoyote, zima, ngoja ipoe, kisha bonyeza kishikio mpaka yaishe. Na sehemu zinazobeba msukumo, yaani mpira, valvu na viungo vyake, usizitoboe wala kuziunga kwa kienyeji. Nunua zilizofanywa kwa msukumo huo.

La pili ni kile kiatu cha plastiki nyeupe. Plastiki yake mara nyingi ni ile iliyogunduliwa na Roy Plunkett mwaka 1938, ambayo ulimwengu unaijua kwa jina la Teflon, ile ile ya sufuria zisizoshika chakula. Ni plastiki isiyo na ubaya mpaka ichomwe moto mkali. Hapo inatoa moshi unaomletea mtu homa, baridi, na kubanwa kifua saa chache baadaye, naye anadhani ni malaria au mafua. Kwa hiyo kivue kabla ya kuchomelea au kupasha moto kichwa cha fimbo. Na baada ya kukipiga tupa, nawa mikono kabla ya kuwasha sigara, kwa maana unga ulio vidoleni unaungua pamoja na tumbaku na kuingia kifuani. (Juu ya sigara yenyewe ningekuwa na mengi ya kusema, lakini si leo.) Kuchomelea chuma kisichoshika kutu ni jambo zito zaidi. Moshi wake una krome yenye sumu, na mwaka 2017 wataalamu wa shirika la kimataifa la utafiti wa kansa waliuweka moshi wa kuchomelea kati ya vitu vinavyojulikana kuleta kansa. Mtu anayechomelea mara moja kwa mwaka, bila feni ya kuvuta moshi, bila ujuzi, afadhali alipe fundi. Hizo pesa si hasara.

Wako watakaonijibu: nimefanya hivi miaka 20, sijaumia. Nawajibu kwamba jicho halihesabu miaka. Yule aliyepoteza jicho jana naye alikuwa na miaka yake 20 asubuhi ile. Wengine watasema miwani inaingia ukungu, au inabana. Ni kweli, inaudhi. Tafuta yenye matundu pembeni, uifute, kisha uendelee. Na unaposaga, vaa kioo cha uso juu ya miwani, usivae kioo peke yake, kwa sababu cheche hupita chini yake. Wanaosimama karibu kukutazama wavae pia, au waondoke. Watoto wanapenda cheche kama sherehe. Wafukuze.

Wengine wanasema hawana pesa za miwani. Neno hili nalisikia kwa masikitiko, lakini huko Marekani si kila mtu ana haki ya kulisema. Sheria ya usalama kazini ya mwaka 1970 inamdai mwajiri awape watu mahali pa kazi pasipo hatari zinazojulikana, na tangu mwaka 2008 imewekwa wazi kwamba vifaa vingi vya kujikinga, miwani ikiwamo, vinunuliwe kwa gharama yake. Tena, mwajiri anayekupa fimbo inayokuvunja mgongo asikuachie wewe kuitengeneza usiku kwa mashini ya kuazima. Mwambie. Kazi ya kurekebisha chombo cha kazi ni kazi, ifanyike mchana, mahali penye taa, pamoja na kinga, nawe ulipwe. Lakini wewe uliyejiajiri, mwenye gari lako na mashini yako, huna mkubwa wa kumdai. Wewe ndiwe mkubwa. Basi uwe mkubwa mwema kwa mfanyakazi wako wa pekee.

Na ajali ikitokea? Usikimbie ovyo. Zima mashini kwanza.

Dawa ya mazulia ikiingia jichoni, osha papo hapo kwa maji safi mengi, dakika 20 au zaidi, huku umeshikilia kope wazi. Dawa nyingi za kazi hii zina magadi makali, na magadi huingia ndani ya jicho kupita tindikali. Usipoteze wakati kutafuta karatasi ya maelezo. Osha kwanza, kisha nenda hospitali na chupa mkononi.

Vumbi dogo lililo juu ya jicho linaweza kutoka kwa maji. Lakini mabaki ya chuma yaliyoganda usiyatoe kwa kijiti, wala kwa ncha ya leso, wala kwa ulimi wa jirani, kama wengine wafanyavyo. Chuma kinaanza kutia kutu katika jicho kwa muda mfupi sana, na munganga atakitoa kwa chombo chake baada ya kutia dawa ya ganzi. Na ikiwa kitu kimeruka kwa nguvu, kama kipande cha gurudumu au cha nyundo, na macho hayaoni vema, au ile mboni nyeusi imegeuka umbo, hapo usioshe, usisugue, usikandamize hata kidogo. Kata kikombe cha karatasi, kifunike juu ya jicho bila kuligusa, kifunge kwa plasta, na mtu aende hospitali ameketi. Asile wala asinywe njiani, maana huenda akapasuliwa.

Kidole kikikatika, kandamiza jeraha kwa kitambaa safi na kuinua mkono. Kile kipande kitafute. Kifunge katika kitambaa safi chenye unyevu, kitie ndani ya mfuko wa plastiki, na mfuko huo uuweke katika maji yenye barafu. Barafu isigusane na nyama yenyewe, kwa maana inaiua. Wapasuaji wa leo wanaweza kurudisha vidole vingi kama vimefika upesi na vimetunzwa hivyo.

Ukifika kwa munganga, mwambie ni mashini gani, ni chuma gani, na ni saa ngapi. Mwambie pia ni lini ulichomwa sindano ya pepopunda mara ya mwisho, nawe kama hukumbuki sema hukumbuki, atakuchoma nyingine. Na yeyote aliyewahi kuingiwa na kipande cha chuma jichoni, hata kama ni miaka 15 iliyopita na jicho linaona, asifiche neno hilo siku atakapoulizwa kabla ya kupigwa picha katika ile mashini kubwa ya sumaku. Sumaku hiyo inaweza kukivuta kipande kilichobaki ndani, na jicho likapotea siku hiyo, mezani pa hospitali, baada ya kupona mara ya kwanza.